Alama Juu ya Chakula ni Ushahidi

Ndugu msomaji, ukisimama sokoni ukawekewa mafungu mawili ya mchicha, moja limekuzwa kwa samadi na mboji, na la pili limenyunyizwa dawa ya wadudu juzi, jicho lako halitayapambanua. Ulimi pia huenda ukashindwa. Huna ila neno la muuzaji. Basi suala letu ni hili: je, neno hilo latosha, au yapasa pawe na kanuni ya nchi na mkaguzi?

Wako wasemao kuwa mwaminifu hahitaji cheti. Hayo yangalikuwa sawa lau kila mnunuzi angalimjua mkulima wake na kulikanyaga shamba lake. Lakini sisi watu wa miji twala vilivyolimwa na tusiowajua, vikapita mikono mitatu au minne kabla ya kutufikia. Kwa ajili hiyo, mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki ziliafikiana juu ya kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Kanuni hiyo haihukumu zao kwa sura yake, bali yahukumu njia lililopitia: mbolea za viwandani, dawa za wadudu za viwandani na mbegu zilizogeuzwa vinasaba, zote hizo imezikataza.

Hapo huzuka lawama, nayo ina haki. Ukaguzi wataka fedha. Mkulima wa robo eka, ambaye hakutia dawa maisha yake kwa kukosa pesa za kuinunua, hana pia pesa za kumlipa mkaguzi. Je, akisema kweli pasi na karatasi, aitwe mwongo? Hasha! Ndiyo sababu ni jambo jema kwamba vikundi vya wakulima wadogo vyaweza kupata alama hiyo kwa kukaguana wao kwa wao. Ila hapo mtihani huwa mkubwa zaidi. Amwonaye shemeji yake akinyunyiza dawa magharibi, kisha asubuhi akanyamaza mbele ya wenzake, ameuza ushahidi wake. Haki haijui ujamaa.

Ama adhaniye kuwa karatasi peke yake itamlinda, na atazame Marekani. Huko sheria ya vyakula hivi ilipitishwa mwaka 1990, na kanuni zake zikaanza kutumika kikamilifu mwaka 2002. Hata hivyo, mwaka 2019 mtu mmoja wa jimbo la Missouri alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza nafaka za kawaida kwa jina la kilimo hai. Naye alikuwa na mashamba yenye cheti; cheti ndicho kilichokuwa pazia lake.

Twajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini. Hakutosheka na sura ya juu, wala hakukubali udhuru wa mwenye mali. Alikagua kwa mkono, kisha akamwonya mtu juu ya ghushi. Yote mawili yatakikana. Serikali na itie mkono ndani ya chungu. Wauzaji wasifukie kilicholowa. Nasi wanunuzi tuulize alama hii imetolewa na nani, kisha tusione uchungu kumlipa mkweli bei ya jasho lake; kwani anayetaka kweli kwa bei ya uwongo, naye ana fungu lake katika udanganyifu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.