Zamu ya Kutikisika

Nyumbani Tanga, mimi ndiye niliyekuwa nikiwanawisha wageni. Babu hakunitazama usoni. Alitazama maji ya birika. Yakija kwa kishindo yanarukia kanzu ya mgeni, yakikatika anabaki na sabuni mikononi. “Taratibu mjukuu wangu, na usiyakate,” alikuwa akiniambia.

Leo niko Ujerumani, na kazi yangu haiko mbali na ile. Kule Darmstadt ninakofanya kazi, kituo cha utafiti cha GSI kina sinkrotroni iitwayo SIS18, pete ya sumaku ya kuharakisha ioni, yaani atomi zenye chaji, yenye mzunguko wa mita 216. Ioni zikishapata kasi huzunguka humo karibu mara milioni moja kwa sekunde. Zinapotakiwa kutoka polepole, sumaku za ncha sita huziyumbisha hadi zikapoteza utulivu, zikatoka chache chache kwa sekunde kadhaa. Tangu 1997 hadi 2008 mwale wa kaboni wa pete hiyo ulitibu wagonjwa wa saratani, ukipita nukta kwa nukta ndani ya uvimbe. Kwa kazi kama hiyo, mwale unaotoka kwa mikupuo haufai.

Hata hivyo mikupuo haikosekani. Umeme wa sumaku hubeba mtetemo wa gridi, mara 50 kwa sekunde na zaidi, na mstari unaoonyesha mwale unavyotoka, uliopaswa kulala kwenye kioo cha kompyuta, husimama kama meno ya msumeno. Tunausafisha umeme, lakini mtetemo hauishi wote. Basi hupunguzwa nguvu ya zile sumaku za ncha sita. Chembe huchukua muda mrefu zaidi kutoka, tena muda usiolingana. Zilizotikiswa pamoja hazifiki mlangoni pamoja, na mtetemo wa haraka huyeyukia njiani. Ule wa polepole haudanganyiki. Huo ni lazima urekebishwe kwenye chanzo chake.

Nimejiuliza miaka mingi: mja mwenye istikama, yaani uthabiti wa imani, naye ni yule asiyetikisika? Mama alipofariki niliamini hivyo, nikaona imani yangu imevunjika, maana nililia mazikoni hadi nikashikwa mabega. Baba alisimama kimya akipokea mikono ya watu. Yeye alilia Ramadhani, kwenye futari ya kwanza. Dada yangu hakulia kabisa, na majirani wakamsema.

Sasa naamini Mwenyezi Mungu alitupa mwendo tofauti kwa rehema. Tungeanguka siku moja sote, nani angepika, nani angesoma hitima? Nyumba ilisimama kwa sababu tulipishana. Lakini siyo kila mtikisiko wa kuachiwa muda. Uzembe wangu wa kuchelewesha sala ya alfajiri ni wa ile aina ya polepole: huo hautaki subira, unataka toba.

Mwaka jana, miaka mitatu baada ya msiba, dada alinipigia simu usiku akilia, akiona haya kwa kuchelewa.

“Lia dada,” nikamwambia. “Zamu yako imefika. Birika nimeshika mimi.”