Nani Analipia Mapumziko ya Baba?



Jumapili moja baada ya Misa, mume mmoja alinivuta kando. Alikuwa likizoni kutoka Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako watu wetu wengi wa Kisii na Nyamira wameweka makazi. Kazi yake kule ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mara nyingi hufanya zamu ya usiku. Ana umri wa miaka 55. Mkewe amekaa Nyamira miaka 19 bila yeye, na watoto wanne, ng'ombe wawili na shamba la majani chai.

Akaniambia, "Katekista, mgongo umekwisha. Nataka kurudi nyumbani mwaka huu, nisingojee pensheni ya Marekani. Je, ni dhambi kupumzika mapema?"

Nikamwuliza, "Mama watoto anasemaje?"

Akajibu, "Huyo nitamwambia nikishapanga kila kitu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulitafakari. Kupumzika si dhambi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitaja mapumziko na pensheni ya uzeeni kuwa ni haki za mfanyakazi. Mwili una mwisho wake, na Mungu hakutuumba tuwe punda. Lakini mapumziko ya mtu aliyeoa yana gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu wawili. Je, ni haki mmoja apange na mwingine aambiwe?

Tuhesabu kwanza, kama yule mtu wa Injili aliyeshauriwa aketi na kupiga hesabu kabla ya kuanza kujenga mnara. Pensheni ya serikali ya Marekani haitolewi kwa mstaafu kabla ya miaka 62. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, akianza kuichukua akiwa na miaka 62, hupata pungufu kwa asilimia 30 kuliko angengoja hadi miaka 67, na upungufu huo ni wa maisha. Basi mtu wa miaka 55 ana pengo la miaka 7, yaani miezi 84. Kama nyumba inatumia shilingi 50,000 kwa mwezi, pengo hilo ni shilingi 4,200,000, hata kabla bei za vitu hazijapanda.

Fedha hizo zitatoka wapi? Wengine wanategemea akiba waliyokatwa kazini kule. Kwa kawaida ukiichukua kabla ya miaka 59 na nusu unatozwa asilimia 10 juu ya kodi, ingawa wapo wanaopata nafuu wakiacha kazi wakiwa na miaka 55 au zaidi. Wengine wanategemea majani chai, lakini mashamba yetu yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Wengine wameweka kila shilingi katika nyumba ya ghorofa ambayo haijaezekwa. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kununua unga.

Kuna jambo jingine ambalo mume yule hakulijua. Kwa kawaida, mjane asiye raia wa Marekani, ambaye hakuwahi kuishi kule angalau miaka 5 katika ndoa hiyo, halipwi pensheni ya mjane akiwa nje ya Marekani. Fikirini maana yake. Mama aliyebaki Nyamira, aliyepeleka watoto hospitali usiku na kuwazika wazazi wa mumewe kwa heshima, mumewe akifa anaweza asipate chochote kutoka huko. Kwa hiyo akiba ya hapa nyumbani si ya miaka 7 tu. Ni ya mama pia, baada ya baba.

Mtu atasema, "Lakini fedha ni jasho langu." Hata sheria ya nchi yetu haikubali hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa ni mchango wa mwenzi. Tena nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani pasipo mwenzi kukubali kwa maandishi. Ikiwa sheria ya serikali imeona hivyo, sisi tuliosimama altareni na kuahidiana maisha yetu yote tutasema nini?

Nawageukia na akina mama. Ziko nyumba ambamo baba akisema amechoka, mke na watoto hununa. Wanasema, "Ukirudi, karo italipwa na nani?" Wamezoea sauti yake katika simu na fedha mwisho wa mwezi. Kumwacha mtu avunjike mgongo ugenini ili sisi tusipunguze matumizi, hiyo nayo ni dhuluma. Mume si mti wa kuchumwa matunda.

Basi mfanye nini? Ketini wote wawili, bila ndugu na bila watoto. Jioni ya kwanza, kila mmoja aseme madeni yake yote, hata yale ya siri ya chama na SACCO. Jioni ya pili, hesabuni miezi iliyobaki na fedha zilizopo. Msisahau SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa maana asiye na mshahara hujilipia mwenyewe. Aliye ugenini aulize mapema masharti ya kulipwa akiwa nje, hasa kama si raia. Jioni ya tatu, amueni pamoja tarehe ya kurudi, na mkubaliane nini kitapunguzwa. Mashauri haya yanawafaa pia walimu na wafanyakazi wa serikali wanaofikiria kuacha kazi wakiwa na miaka 50, wasingoje 60.

Yule mume alikwenda akazungumza na mkewe. Alirudi kwangu siku chache baadaye, macho mekundu. Alikuwa ametegemea kwamba mke atauliza habari za fedha. Badala yake mama yule alimwambia, "Miaka 19 nimekuwa mjane mwenye mume. Hukuniuliza ulipoondoka, na sasa hukuniuliza unaporudi. Nataka urudi. Lakini safari hii niulize."

Ndipo wakafungua madaftari. Mke alikuwa na mkopo wa karo ambao mume hakuujua. Mume alikuwa na deni la gari ambalo mke hakulijua. Wakakubaliana afanye miaka 2 zaidi, zamu za mchana tu, na ghorofa isimame ilipofikia. Pengo likabaki miezi 60 badala ya 84. Mzigo bado ni mzito, ila sasa una mabega manne.

Wapenzi wanandoa, ofisi ya pensheni huhesabu miezi ya kazi ya mtu mmoja. Haihesabu usiku wa mke peke yake, wala upweke wa mume katika chumba cha kupanga wakati wa theluji. Hesabu hiyo ni yenu ninyi wawili. Kabla hujamwuliza katekista kama ni dhambi kupumzika, mwulize mwenzako kama yuko tayari mpumzike pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.