Mtoto Mgeni Naye Ana Neno

Jioni moja usharikani kwetu, Mbagala, tulimpokea mvulana wa miaka 12 aliyetoka Burundi bila mzazi wala ndugu. Tulimlisha, tukamvika. Kisha tukaingia ofisini na wazee wa kanisa kuamua akae kwa nani, naye tukamwacha nje kwenye benchi. Tulipotoka kumweleza uamuzi wetu, alisema kwa sauti ya chini kwamba dada yake yuko kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inasema hivyo katika kifungu cha 11. Aliyevuka mpaka peke yake ndiye anayeihitaji zaidi haki hiyo, kwa kuwa hana mzazi wa kumsemea.

Wengine watauliza: mtoto anajua nini? Ni kweli, hajui yote, na neno lake si lazima liwe la mwisho. Hupimwa kwa umri na upevu wake. Lakini haliwezi kupimwa kabla ya kusikiwa. Nasi Walutheri tunalijua jambo hili. Katika ubatizo wadhamini humjibia mtoto mchanga. Siku ya kipaimara husimama mwenyewe mbele ya usharika akajibu kwa kinywa chake. Tukimwamini kujibu habari za uzima wa milele, tutakataaje kumwuliza atalala wapi?

Tumkumbuke pia yule binti wa Israeli aliyechukuliwa mateka, akawa mtumishi nyumbani kwa Naamani. Alikuwa mgeni, mdogo, bila wazazi. Wakubwa walilisikiliza neno lake, na Naamani akapona.

Jioni ile tulirudi mezani, safari hii mvulana akiwa ameketi kati yetu.

Basi, wapendwa, mtoto wa namna hii akibisha hodi, tusimfiche. Tumfikishe kwa afisa ustawi wa jamii. Ila kabla ya kumsemea, tumwulize kwa lugha anayoielewa: umemwacha nani, unaogopa nini, unatamani nini? Na jibu lake likivuruga mpango wetu mzuri, tukubali kuupanga upya.