MALAIKA ALIMLETEA MKATE



Somo letu ni 1 Wafalme 19:1-8. Nabii Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, na huko akaomba kufa. Tuangalie vizuri: ni yule yule aliyeomba moto ukashuka Karmeli! Hakukosa imani, alikuwa peke yake, tena amechoka. Naye Mungu hakumgombeza. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu.

Tunasema haya kwa sababu ya mwaka 2020. Ituri yetu ilikuwa na vita, na Ebola tangu 2018. Halafu Korona ikaja. Mwezi wa Machi Serikali ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20, pamoja na matanga. Makanisa yalifungwa mpaka 15 Agosti. Hapa Bunia hatukufungiwa nyumbani kama watu wa Gombe kule Kinshasa, lakini mama wa soko, anayekula jioni alichouza asubuhi, alijua uzito wake. Na aliyekimbia Djugu, nyumba yake ilikuwa hema. Hakuna nsinsani, hakuna ibada. Kwetu mtu akifiwa hulia katikati ya watu. Mwaka ule wengi walilia peke yao.

Makanisa yalifunguliwa, lakini wako ambao mpaka leo hawajarudi. Hawalali, wanagombana bure nyumbani, wengine wameshika pombe. Na sisi Wakristo ni wepesi kusema: huyu ana pepo, huyu ana dhambi ya siri. Nani alisema hivyo juu ya Eliya?

Papa Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Waamini wengi walihamishwa mbali na kwao. Lakini Mama Muilu Marie alilitunza kundi, nao wakakutana kwa siri, kwa sababu walijua kwamba mtu akiachwa peke yake huvunjika.

Basi tusimwendee mwenye huzuni na mahubiri marefu. Tumpelekee chakula, tuketi naye, tupige magoti pamoja naye. Asipopata usingizi majuma mengi, au akisema anataka kufa, tumsindikize hospitali upesi. Dawa si kukosa imani. Hata mkate wa Eliya uliokwa juu ya makaa.

Mnaomjua mtu wa namna hii, Mudzipela, Nyakasanza au Bankoko, mwelezeni shemasi baada ya ibada, kando, wala jina lake lisitajwe mbele ya watu.