Njia Nayo Ina Haki Yake

Wanangu, mwili umechoka lakini ninyi sijawachoka. Nakaa kibarazani kando ya njia iendayo uwanja wa ndege wa Bangboka, hapa Kisangani, na toka asubuhi nawaona mkipita: mamotari wa teksi za pikipiki waliobeba mama wawili na beseni la samaki katikati, malori yaliyotoka Beni yakiwa bado na udongo mwekundu wa Ituri kwenye matairi, vijana wa jeep zenye vioo vyeusi. Nawapenda wote. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya namna mnavyokata kona.

Kijana yuko kulia kabisa, ukingoni mwa barabara, anakwenda kama mtu ambaye safari yake ni mpaka uwanja wa ndege. Mara abiria anampiga bega: "Papa, ni hapa!" Bila kugeuza shingo, bila taa, bila mkono, anakata kushoto, anapita mbele ya lori na kuingia kwenye mchepuko. Honi inalia, breki zinalia, wauza ndizi wanapiga yowe. Yeye ameshafika uani kwa watu, anapokea franka zake. Hakuona kitu, maana yote yalitokea nyuma yake.

Mtu wa namna hiyo nikimwita nimwambie, hunijibu kwa heshima: "Mzee, hakuna kilichotokea." Kilitokea, mwanangu. Dereva wa lori alibana breki zenye mzigo wa mbao, moyo ukamruka. Mama aliyekuwa na baiskeli pembeni akatumbukia mtaroni na mihogo yake. Wewe ulimaliza safari yako kwa kuwakopa wengine usalama wao, na hukuwauliza.

Sisi waungwana, Waislamu wa Kisangani, tulifundishwa katika chuo cha Kurani, tukiwa wadogo, habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowakataza masahaba kukaa njiani. Wakamwambia hawana budi, hapo ndipo wanapozungumza. Akawaelekeza kwamba kama ni lazima, basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuinamisha macho, kuwaondolea watu maudhi na kuitikia salamu. Wale walikuwa wamekaa tu, wanaongea. Ninyi mnapita mbio mkiwa na chuma na mafuta ya petroli chini yenu. Haki ya njia kwenu itakuwa pungufu kuliko kwao? Jirani yangu Mkatoliki naye ana mafundisho yake ya kumpenda jirani, na juu ya jambo hili hatujawahi kubishana.

Nataka mlishike hilo la kuitikia salamu, kwa sababu naona ndipo ugonjwa wetu ulipo. Taa ya ishara ni salamu. Unamwambia mwenzako kabla hujafika kwake: mimi hapa, nataka kupita upande huu, niruhusu. Salamu hutolewa mapema, mtu akiwa bado mbali kidogo, apate kukuona na kukujibu. Ukimkanyaga mguu ndipo umwambie hodi, hiyo si salamu tena.

Sheria yenyewe inasema hivyo hivyo. Kanuni yetu ya barabara ni sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, na nyuma yake kuna mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao nchi nyingi za dunia zimeufuata. Mkataba ule unamtaka dereva kwanza ahakikishe kwamba anaweza kugeuka bila kumhatarisha mtu. Kisha atoe ishara iliyo wazi, na kwa muda wa kutosha, kabla hajasogea. Ishara iendelee mpaka tendo liishe. Na asiye na taa atumie mkono. Angalieni mpangilio: kutazama kwanza, ishara pili, usukani mwisho. Hapa kwetu wengi wanaanza na usukani.

Hesabu ya huo muda wa kutosha ni rahisi, hata aliyeishia darasa la nne ataifanya. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa anapita mita 11 kila sekunde. Taa ya ishara iliyo nzima hupepesa kama mara 90 kwa dakika, yaani mara moja na nusu kwa sekunde. Ukiiwasha wakati ule ule unapokata, aliye nyuma yako ataona mpepeso mmoja, na kabla hajajua ni wa kushoto au wa kulia ameshakufikia. Binadamu akiona jambo anahitaji sekunde nzima, mara nyingi zaidi, mpaka mguu uguse breki. Kwa kilomita 60 hiyo ni mita 17 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo, na lori lenye mzigo likiwa kwenye utelezi wa mvua ya hapa kwetu lina safari ndefu bado. Kwa hiyo nawaomba mipepeso mitano tu kabla ya kusogea, na zaidi kidogo mkiwa nje ya mji kwenye mwendo mkubwa. Ihesabuni kimoyomoyo. Hamtachelewa chakula.

Lakini sitawatwika mzigo wote ninyi mnaokata. Kuna kijana mmoja motari, mpole, aliyeniambia neno ambalo bado nalitafakari. Alisema: "Papa, nikiwasha taa, yule wa nyuma anaongeza mwendo anizibie. Nisipowasha, ananiachia kwa sababu hajui." Nilinyamaza, maana ni kweli, nimeiona kwa macho yangu. Mtu anaomba kupita kwa adabu, anajibiwa kwa kufungiwa mlango. Kesho yake haombi tena, anachomeka. Keshokutwa mdogo wake anayejifunza kwake anachomeka pia, akidhani ndivyo udereva ulivyo. Hivyo ndivyo taa zilivyokufa mjini kwetu. Balbu nyingi ni nzima. Kilichoungua ni imani kati ya dereva na dereva.

Wewe unayeziba, ni wewe ninayesema nawe sasa. Aliyekuomba nafasi amekutendea heshima kubwa: amekuambia nia yake wakati angeweza kukuficha. Legeza gesi. Nafasi ya pikipiki moja ikipita mbele yako inakugharimu sekunde mbili au tatu, nawe utamkuta kwenye shimo lijalo amesimama akitafuta pa kupita. Umepata nini kwa kumnyima? Asiyeitikia salamu huwafanya watu waache kumsalimu, kisha analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Kuna pia salamu ya uongo. Pikipiki zenu nyingi taa yake haijizimi kama ya gari. Usukani wa gari ukirudi katikati baada ya kona, ishara hukatika yenyewe; kwenye pikipiki ni lazima kidole kiizime. Basi motari amekata kona kwenye njia panda ya kwanza, akasahau, na sasa anakwenda moja kwa moja huku taa ya kulia inapepesa mpaka sokoni. Mwenye gari anayetoka mchepukoni anaiona, anaamini kwamba atageuka, anaingia barabarani, na hapo ndipo wanapokutana. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee wetu, na hii ni fupi kweli. Hata gari huwa na udhaifu huo: ukitoka barabara kuu kwa mchepuko wa taratibu, usukani haugeuki vya kutosha, taa inabaki inapepesa. Sikilizeni mlio wake, na kama injini inapiga kelele kuliko mlio, tazameni. Na ishara ikianza kupepesa haraka kuliko kawaida, katika magari mengi maana yake balbu moja imeungua. Inunueni siku hiyo hiyo.

Sasa niseme na wale wa malori. Hapa Kongo tunaendesha mkono wa kulia, Uganda na Kenya mkono wa kushoto, na magari mengi yanayotujia kwa njia ya mpaka wa Kasindi yana usukani upande wa kulia. Dereva wake hapa kwetu anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita aliye mbele, hawezi kuona njia mpaka ametoa nusu ya lori katikati ya barabara. Akitaka kukata kushoto, pikipiki iliyo ubavuni mwake wa kushoto haionekani kwake ila kwa kioo, na kioo chenyewe kimefungwa kwa waya. Ndiyo maana boi-shofa wenu, msaidizi wa dereva, si mtu wa kulala. Ni jicho lenu la kushoto. Mwamsheni kilomita moja kabla ya mchepuko, atoe kichwa, atoe na mkono. Na ninyi mamotari, mkilijua hilo, msikae ubavuni mwa lori kwenye njia panda mkidhani kwamba kwa kuwa mnamwona naye anawaona.

Mnaweza kuniambia kwamba barabara yetu haina mistari, tena ina mashimo, na mtu anahama kushoto na kulia kwa kukwepa maji ya mvua. Ni kweli, na wenye kupewa pesa za barabara watajibu mbele ya Mungu na mbele yetu. Lakini shimo unaliona mbele, mwanangu. Aliye nyuma yako halioni, anakuona wewe. Shimo ndilo linaloongeza haja ya ishara. Mahali palipo na mistari dereva anaweza kubahatisha mwenzake atakwenda wapi. Hapa kwetu hana cha kubahatisha ila mkono wako na taa yako.

Mkono nimeutaja kwa makusudi. Baada ya mwaka 1998, vita vilipotutenga na Kinshasa, mto ukafungwa na mafuta yakawa adimu, mji huu ulikwenda kwa baiskeli. Watu wa toleka, yaani teksi za baiskeli, walibeba wagonjwa, walibeba simenti, walibeba maharusi. Baiskeli zile hazikuwa na taa hata moja. Lakini toleka wa kweli alinyoosha mkono kabla ya kona, na mzigo ukiwa mzito asiweze kuachia usukani, abiria wake ndiye aliyenyoosha. Kwa nini hilo lisirudi? Mkono wa kulia wa motari umeshika gesi, naelewa. Abiria ana mikono miwili na haina kazi. Mwambieni mapema: mama, tukikaribia kwako, nyoosha mkono upande tutakaokata.

Na ninyi abiria msijifiche nyuma ya mgongo wa dereva. Nusu ya mikato hii ya ghafla inatoka midomoni mwenu. Mnajua nyumba ilipo, mnajua mwembe ulipo, mnajua kanisa liko upande gani, lakini mnanyamaza mpaka mwembe umefika ndipo mnapiga bega. Kijana anataka kuwafurahisha, anakata. Semeni mita 100 kabla. Semeni na upande. "Mbele pale, baada ya duka la dawa, kushoto." Maneno hayo hayana gharama.

Mzunguko wa Posta hapa mjini ni mahali pa kujifunzia, kama mna nia. Anayezunguka kule anatakiwa awashe taa ya kulia anapoukaribia mtaa wa kutokea, watu wanaosubiri wajue kwamba anatoka. Simameni pembeni robo saa mhesabu wangapi wanafanya hivyo. Halafu mtazame nyuso za watoto wa shule wanaotaka kuvuka, wanavyosogea na kurudi, kusogea na kurudi, kwa sababu hakuna anayewaambia anakwenda wapi.

Shirika la Afya Duniani limehesabu watu wapatao milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Yaani sisi. Mji huu ulizika watu wake mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mitaani mwetu, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Makaburi yale hatukuwa na la kufanya. Haya mengine, ya barabarani, yako mikononi mwetu, na ndiyo yanayonichosha kuliko umri.

Wapo watakaokwenda mbali kuliko hapa. Mmoja wenu ataendesha Kampala, kwenye ile barabara ya Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018, au Nairobi kwenye barabara ya Thika yenye njia nyingi kila upande. Kule wanaendesha mkono wa kushoto, na mchepuko wa kutokea nao uko kushoto. Hakuna mwembe wa kukuonyesha. Kuna kibao, na kibao kinakuja mapema. Ukikiona hamia upande wa kutokea hapo hapo, njia moja baada ya nyingine, kila mara kwa kutazama na kuomba upya. Usingoje ufike mdomoni mwa mchepuko ndipo uzikate njia tatu kwa mkupuo.

Na ukiukosa, kule au hapa, upite. Usisimame katikati, usirudi kinyumenyume, usimkatie mtu. Endelea mpaka mahali pa kugeukia, geuka kwa utaratibu, urudi. Abiria akinung'unika kwa sababu ya mita zile za ziada, mwambie ni yule mzee wa njia ya Bangboka aliyekuagiza hivyo. Akiwa na neno, aje kwangu. Kiti cha pili kipo.