Sufuria Kubwa ya Mtu Mmoja

Anayeishi peke yake ndiye anayehitaji sufuria kubwa. Maharagwe makavu hukaa motoni muda uleule, yawe kikombe kimoja au vinne, na gesi haiulizi wangapi watakula. Ndiyo maana mwalimu aliyepanga chumba kule Kwanza, au karani wa Kitale au Bungoma anayefika nyumbani giza limeingia, afadhali aloweke mahindi na maharagwe yake Jumamosi usiku, achemshe githeri ya wiki nzima Jumapili, aipoze, kisha aigawe katika vibakuli vyenye vifuniko, kila kimoja mlo mmoja, aviweke kwenye friza, akiacha nafasi kidogo juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Jioni inabaki kazi ya kukaanga tu: kitunguu, nyanya, dhania, na baada ya dakika 15 hivi mtu anakula. (Ugali hauhitaji friza, hupikwa upesi, na uliolala una chai yake ya asubuhi.)

Asiye na friza achemshe ya siku moja, maana githeri iliyolala mezani huchacha. Lakini mwenye nayo hana sababu ya kulala na chai na mandazi kila usiku kwa kujiambia kwamba si lazima kuwasha moto kwa ajili yake yeye tu. Mtu mmoja naye ni nyumba. Andika tarehe juu ya kila kibakuli, na cha zamani ukile kwanza.