Simu Inajua Ulipolala

Alfajiri, teksi za abiria zinapoondoka Orange Farm, karibu kilomita 45 kusini mwa Johannesburg, simu mifukoni huachana na mnara mmoja na kupokewa na mwingine. Hakuna aliyebonyeza kitu, lakini njia yote imeandikwa: ulipolala, saa uliyotoka, na kama Jumatatu iliyopita ulikwenda palepale.

Wakopeshaji wanaotoa mikopo kwa njia ya simu wanataka kuisoma njia hiyo kabla ya kutoa mkopo. Wanaamini kwamba mwenye kwenda mahali palepale kila siku ana kazi, na mwenye kazi hulipa. Si hoja ya kupuuza. Asiye na hati ya mshahara mara nyingi humwangukia mashonisa, mkopeshaji wa mtaani, ambaye humshikia kadi ya benki mpaka mwisho wa mwezi. Simlaumu anayeikimbilia simu.

Lakini kibarua aliyeko Randburg leo na Midrand kesho ataonekana hajatulia, na huenda anazunguka hivyo ili deni lilipwe. Tena katika mji huu, mahali pa kulala palikwisha kupangwa. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliwagawia watu mitaa kwa rangi, na pasi, ile dompas, ikamlazimu Mwafrika athibitishe kwamba ana ruhusa ya kuwa alipo. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Mitaa ikabaki ilivyo. Mpaka leo, kati ya Alexandra ya maskini na Sandton ya matajiri inapita barabara kuu ya M1. Mashine haina haja ya kuambiwa rangi ya mtu ikiwa imekwisha kuambiwa mtaa wake.

Mwenye duka anayekukopesha unga naye anajua unapolala. Lakini nawe unajua kwake. Mtoto akiugua, unakwenda kumweleza, mnatazamana, anakuongezea wiki. Kwangu mimi, kuaminiana ni huko: kila mmoja anaweza kumfikia mwenzake.

Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2013, imeligusa jambo hili. Kifungu cha 71 kinazuia uamuzi mzito juu ya mtu kuachiwa mashine peke yake, kwa kumpima kustahili kwake mkopo, uaminifu wake au mahali alipo. Na pale inaporuhusiwa kwa sababu maalumu, mhusika apewe nafasi ya kujieleza. Nayo Sheria ya Mikopo ya mwaka 2005, kifungu cha 62, inampa aliyenyimwa mkopo haki ya kuandikiwa sababu, akiomba. Ukinyimwa, iombe.